UPEPO HAUNA KADI YA CHAMA

Wananchi,

Kila msiba unapoishukia nchi yetu, hotuba mbili huwa tayari kabla sanda haijakatwa. Ya kwanza hutoka kwa wenye madaraka, nayo husema: "Hii ni kudra ya Mwenyezi Mungu, tusitafute mchawi." Ya pili hutoka kwa wasiokuwa nayo, nayo husema: "Haya ndiyo matunda ya chama chao, tuliwaambieni msiwachague." Basi maiti hajateremshwa kaburini, na tayari msiba wake umeshavishwa fulana ya chama.

Sisi twasema waziwazi ya kuwa hotuba zote mbili ni khiyana. Ya kwanza humtwisha Mungu mzigo wa mwanaadamu. Ya pili humtwisha hasimu wa siasa mzigo ambao msemaji mwenyewe hataubeba siku atakayokaa yeye katika kiti kile. Na baina ya hotuba hizo lipo suali moja ambalo kila mtu huliruka kama dimbwi la njiani: nani alikuwa na kazi ya kuzuia, na kwa nini hakuifanya?

Hilo ndilo suali letu, na twaliuliza kwa Wazanzibari wote, wa kijani na wa rangi nyengine yoyote.

KUDRA NA UDHURU

Hapana Muislamu wa Malindi wala Mkristo wa Mkunazini atakayebisha ya kuwa mvua, upepo na mawimbi yamo mikononi mwa Muumba. Lakini hata mtoto wa chuoni hufundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo atawakali. Hakuambiwa akae na kamba mkononi, kisha ngamia akipotea aseme Mungu kamchukua.

Nahodha wa jahazi wa zamani, pengine asiyejua kusoma hata barua, aliijua kusi na kaskazi, alizijua nyota, aliujua mwezi wa kufunga safari na mwezi wa kupandisha chombo pwani. Akimtaja Mungu kila hatua, na huku mkono wake umo katika usukani. Hiyo ndiyo tawakali. Lakini kumtaja Mungu baada ya chombo kuzama, na hali kabla yake mkono ulikuwa ukipokea nauli tu, hiyo si tawakali. Ni udhuru.

Na hebu tazameni hila iliyomo katika neno hilo. Barabara ikifunguliwa, skuli ikijengwa, kisima kikitoa maji, hatusikii kudra. Twasikia jina la chama, na picha ya kiongozi imetundikwa ukutani. Kheri ni ya chama, shari ni ya Mungu! Hesabu gani hii? Ikiwa kisima ni chenu kwa sababu mmekichimba, basi na mtaro ulioziba ni wenu kwa sababu hamkuuzibua.

TUFANI YA 1872

Hila hii haikuanza jana. Tarehe 15 Aprili, 1872, tufani kubwa ilikipiga kisiwa cha Unguja. Merikebu za Seyyid Barghash na majahazi yaliyokuwa bandarini yakavunjika na kuzama. Vibanda vya udongo na makuti vikachukuliwa. Minazi na mikarafuu ya Unguja ikang'oka kwa sehemu yake kubwa. Bagamoyo nako, ng'ambo ya bahari, kukaharibiwa. Pemba ikasalimika kwa wingi.

Upepo ule haukumbagua mtu. Waliokuja nyuma yake ndio waliobagua. Mwezi wa Januari 1873 alifika Sir Bartle Frere kutoka Uingereza, kudai biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe. Na miongoni mwa hoja za kumkatalia ikawamo tufani ile ile: mashamba yameharibika, wenye mashamba wamefilisika, basi wataishi vipi biashara hiyo ikikatwa? Fikirini, wananchi! Mnyonge aliyeangukiwa na kibanda chake huko shamba, aliyekuwa akichuma karafuu isiyokuwa yake, msiba wake mwenyewe ukageuzwa kuwa hoja ya kuletwa wenziwe zaidi katika minyororo.

Nao Waingereza kwa upande wao waliijua hali ya mtawala aliyepotelewa na merikebu zake. Wakatishia kuifunga bandari kwa manuwari, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 5 Juni, 1873, soko la watumwa la mjini likafungwa. Jambo lenyewe lilikuwa haki, na lilikuwa limechelewa mno. Twalitaja ili ionekane kwamba tangu zamani mwenye nguvu akitaka kuendelea na dhulma yake huusingizia upepo, na mwenye manuwari akitaka lake huungojea upepo umfanyie nusu ya kazi.

Tufani ile ikaacha na jambo la pili. Mikarafuu ya Unguja ilipoanguka, bei ilipanda, Pemba ikapandwa mikarafuu kwa bidii, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu zetu hutoka huko. Hayo ni mambo ya upepo na udongo. Lakini kaeni barazani msikilize yanavyosemwa: Wapemba hivi, Waunguja vile, karafuu zetu, mji wenu. Upepo wa siku moja umetumiwa na wanasiasa wa kila zama kujengea ukuta baina ya ndugu. Bahari iliyo kati ya visiwa viwili hivi haikutosha. Yakatiwa na maneno.

MELI TATU, SUALI MOJA

Njooni sasa katika bahari ya zama zetu. Mwezi wa Mei 2009 meli ya MV Fatih ilizama bandarini Malindi, mbele ya Mji Mkongwe, na watu wakafa katika maji ya gatini. Kengele ile ilipigwa karibu na masikio ya kila ofisi inayohusika na bahari. Nani aliisikia?

Miaka miwili haijapita sana, usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander iliyotoka bandari hiyo hiyo kwenda Pemba ikapinduka katika mkondo wa Nungwi. Zilikuwa ni siku chache baada ya Idi. Meli ile uwezo wake ulikuwa haufiki watu 700. Tume ya uchunguzi iliona kwamba waliokuwamo walizidi 2,000, mbali ya mizigo. Maiti waliopatikana ni kiasi cha 200. Wakaletwa wazamiaji kutoka Afrika ya Kusini, wakashindwa na kina na mkondo. Waliobaki, bahari imewaweka.

Twauliza: ni upepo gani uliowapandisha watu elfu na zaidi juu ya idadi? Mkondo wa Nungwi uko pale tangu enzi za babu zetu, na kila mvuvi wa Nungwi, Mkokotoni na Tumbatu anaujua. Hakuna wimbi lililokata tikti. Hakuna mvua iliyotia sahihi ruhusa ya kuondoka. Wala chombo kile hakikung'oa nanga kwenye mikoko, gizani, kwa kuiba. Kiling'oa nanga katika bandari yenye lango, yenye taa, yenye walinzi na wenye vyeo mabegani.

Na lipo jambo linalouma kuliko yote. Hesabu ya waliopotea katika meli ile imebishaniwa mwaka hata mwaka, kwa sababu orodha ya abiria haikuwa ya kutegemewa. Mtu amekufa, na jina lake halimo popote ila kinywani mwa mama yake. Mjane anajua ya kuwa mumewe alipanda, lakini karatasi haimjui. Huyo atathibitisha kwa nini eda yake, urithi wa wanawe, na haki ya mayatima? Je, na hiyo nayo ni kudra? Daftari na kalamu navyo vimeteremka kutoka mbinguni?

Wakatokea na wengine, ulimi wao mwepesi, wakasema abiria wenyewe ndio wakaidi, ati watu wa Pemba wanapenda kujazana. Aibu iliyoje! Mtu aliyekuja Unguja kwa Idi, anataka kurudi kwao, ana watoto wanaongojewa na skuli, na hana chombo chengine usiku ule, huyo hakuchagua kujazana. Ameuziwa. Mwenye kosa si aliyenunua tikti moja, bali aliyeziuza zote akijua ya kuwa nafasi imekwisha, na aliyesimama pale akatazama, na mshahara wake ulikuwa ni wa kuzuia. Kumlaumu maiti ni rahisi kwa kuwa maiti hajibu.

Haukutimia mwaka. Tarehe 18 Julai, 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe. Ilikuwa na watu karibu ya 300, na kiasi cha nusu yao hawakurudi. Chombo hicho kiliundwa Marekani mwaka 1989 kusafirisha watu katika maji yaliyojificha ya jimbo la Washington, kisha kikaletwa kwetu kuja kuikabili bahari hii. Upepo ulikuwa mkali siku ile, hatubishi. Lakini Julai ni mwezi wa kusi, na kusi haikuja kwetu mara ya kwanza mwaka 2012. Hugonga hodi kila mwaka. Mgeni huyo asiyeacha kuja hawezi kuitwa ajali.

KITI KIMOJA NA MIDOMO MIWILI

Wakati wa misiba hiyo miwili ya mwisho, Zanzibar ilikuwa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, iliyoundwa Novemba 2010, CCM na CUF zikakaa meza moja. Wizara iliyokuwa na dhamana ya usafiri wa baharini ilishikwa na waziri wa CUF, Bwana Hamad Masoud Hamad. Baada ya Spice Islander hapana waziri aliyejiuzulu. Baada ya Skagit, mwezi ule ule wa Julai 2012, Bwana Hamad Masoud alijiuzulu, na Rais Ali Mohamed Shein wa CCM akamteua Bwana Rashid Seif Suleiman, wa CUF pia, kushika nafasi yake.

Sisi hatusemi ya kuwa waziri yule ndiye aliyeijaza meli. Kujiuzulu kule kulikuwa ni jambo la heshima, na heshima ya namna hiyo ni adimu katika nchi zetu. Lakini yakumbukeni yaliyosemwa barazani. Huku wakasema: "Mmeona, wizara ya chama chao hiyo." Kule wakajibu: "Mmeona, wa chama chetu ndio wenye utu, wa kwenu wangeling'ang'ania." Msiba wa watu ukawa kama mechi ya mpira, kila upande unahesabu magoli. Na katika kelele hizo suali la cheti cha chombo, la ukaguzi, la mwenye meli na la mlango wa gati, likazama pamoja na meli.

Waziri mmoja ametoka, wa pili ameingia. Je, na mezani kwa mkaguzi kumebadilika nini? Aliyepaswa kuhesabu vichwa mlangoni ameanza kuhesabu? Kubadilisha mtu juu bila ya kubadilisha kazi chini ni kupaka chokaa ukuta ulioliwa na mchwa.

Yupo atakayesema kwamba ndiyo siasa hiyo, na bila ya kulaumiana hapana mwenye kuwajibika. Twamjibu: lawama twaitaka, na twaitaka kali. Lakini lawama yenye haki ina kipimo chake, nacho ni hiki. Kabla ya kufungua mdomo, jiulize: "Lau aliyekaa kitini angelikuwa wa chama changu, ningelisema haya haya?" Ikiwa jawabu ni ndiyo, sema, na usimchelee mtu. Ikiwa jawabu ni la, basi unalolitafuta si haki ya aliyekufa. Ni kura ya aliye hai.

MAJI YA NG'AMBO

Wanaodhani haya ni ya baharini tu, na waje Ng'ambo wakati wa masika. Mji wetu huu ulikuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Jina la Darajani limebaki kuwa shahidi. Zama za Mwingereza mkono huo ukafukiwa kidogo kidogo. Kisha mji ukapanuka, mabonde na madimbwi ya nyuma yake yakajengwa nyumba. Maji hayakuandikiwa barua ya kuhama. Kila masika ikiwa kubwa huja kuuliza mahali pao, na mtu wa Sebleni, wa Jang'ombe au wa Mwanakwerekwe hubeba godoro kichwani. Mwezi wa Mei 2017 mvua ilikuwa kubwa hata skuli zikafungwa. Na wala tusisahau kwamba maji machafu hayaondoki peke yake; kipindupindu cha 2015 na 2016 kilitufundisha hilo kwa roho za watu.

Sasa, chama gani kilichoileta mvua? Tazameni mipango ya mji. Mwingereza alikuwa na mpango wa Lanchester wa 1923, akatengeneza na wa pili mwaka 1958. Serikali ya Mapinduzi ikapata mpango wa Wajerumani wa Mashariki mwaka 1968, na mpango wa Wachina mwaka 1982. Mipango minne, chini ya bendera mbalimbali! Ramani hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "hapa hapajengwi", na neno lake likasimama mbele ya jamaa, mbele ya fedha, na mbele ya uchaguzi.

Kila kiwanja kilichomo ndani ya bonde kina mtu aliyekipima, kina mtu aliyekiuza, kina mkubwa aliyefumba jicho, na kina mgombea aliyefika msimu wa kura akaahidi umeme na lami badala ya kusema kweli. Wagombea hao hawakuwa wa chama kimoja. Mwaka 2011 uliidhinishwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa mradi wa huduma za mijini, na mitaro mikubwa ikachimbwa. Twashukuru. Lakini mtaro hautaki shukrani, wataka kuzibuliwa. Na atakayetupa taka ndani yake asiseme ya kuwa yeye ni wa upinzani na taka zake ni za serikali.

KWA WALIO NJE YA SERIKALI

Tuna neno na ndugu zetu wasiokuwa na madaraka, maana mtu asidhani ya kuwa kalamu hii ina upande mmoja wa makali. Wapo wanaoungojea msiba kama mkulima anavyoungoja mvua. Pakitokea mafuriko au meli ikizama, huona mlango umefunguka. Na wapo wabaya zaidi, wanaosema kwamba mtaa fulani umeadhibiwa na Mungu kwa kukipigia kura chama fulani. Nani aliyekupa siri za Mola wako? Mtoto wa miaka miwili aliyezama na mama yake alikipigia kura chama gani?

Hao na wajifunze kwa wavuvi wa Nungwi. Khabari zilipofika, watu wa kaskazini walitia ngalawa na mashua majini wakaenda kuokoa. Hakuna aliyemwuliza aliyeshikilia godoro au dumu: "Wewe wa wapi, na kadi yako ya rangi gani?" Waliokwenda Maisara kuwatambua maiti walisimama mstari mmoja, waliokuwa hawasalimiani tangu uchaguzi uliopita. Umoja ule haukuandikwa katika katiba yoyote. Msiba ulipokwisha kuzikwa, wanasiasa wakaja kuuvunja.

KUDRA IKIKUTANA NA KAZI

Na ili msiseme ya kuwa twadai yasiyowezekana, tazameni mwezi wa Mei 2024. Kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikuja katika pwani yetu, kikafika Mafia tarehe 4 Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Kudra ilikuwa ni ile ile, bahari ile ile. Wenye boti walikosa nauli, abiria walikasirika, wafanyabiashara walipata khasara. Lakini hapakuwa na meli iliyojaa watu kati ya mkondo. Ile ndiyo dhamana. Siku ile palikuwa na mtu aliyesema "hapana", na "hapana" yake ikasikilizwa.

Basi aliyeweza mwaka 2024 hawezi kusema haikuwezekana 2009, wala 2011, wala 2012.

TUNAYOYATAKA

Hatuishii kulalama. Twataka mambo manne, na twayataka kwa chama chochote kitakachokuwa madarakani, leo na kesho.

Kwanza, kila abiria aandikwe jina lake, mtoto na mkubwa, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu kabla chombo hakijafungua kamba. Asiyeandikwa asipande, aliyempandisha bila ya kuandikwa asiwe na kazi tena.

Pili, kila tume itakayoundwa baada ya msiba, ripoti yake yote ipigwe chapa kwa Kiswahili, ifike kila shehia, isomwe na yatima mwenyewe.

Tatu, katika kila gati na kila bonde la mji, ajulikane afisa mmoja kwa cheo chake, ambaye amri ya kuzuia ni yake na lawama ni yake. Pahala penye wakubwa kumi hapana mkosa.

Nne, tahadhari ya mvua na upepo ifuatwe na amri, si na hotuba. Maneno ya pole hayaelei majini.

Wananchi! Kusi itavuma tena, na masika itakuja tena. Hapana chama kitakachoizuia, na hapana chama kitakachoileta. Lakini mlango wa gati unafungwa kwa mkono wa mtu, na mtaro unazibuliwa kwa jembe la mtu. Siku msiba utakapokuja, atakayekuambieni "ni kudra" kabla ya uchunguzi, mwulizeni daftari liko wapi. Na atakayekuambieni "ni chama chao" kabla ya mazishi, mwambieni anyamaze kwanza, ashike jeneza pamoja na wenziwe. Kisha aje na ushahidi, naye atasikilizwa.

Upepo hauna kadi ya chama. Wenye kadi ni sisi, na kazi ni yetu.